Moja Kuukuu kwa Mbili Mpya

Kisaka, Serengeti
5 Machi 2012

Kwako mwanangu Bhoke,

Pokea salamu za mama yako. Huku tu wazima, mguu unaniuma mvua ikinyesha lakini natembea. Natumaini na wewe u mzima huko kwenye mavumbi ya Nyangoto, na kwamba unakula chakula na si chai tu. Kama hujambo, basi kaa chini usome, maana mimi mwili ndio haujambo, moyo umechafuka.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya hapa nyumbani ni ya mdogo wako Machage, na nikiongea anasimama pembeni kama mgambo. Haya ni ya mimi na wewe.

Machage amerudi kutoka kwako. Nikamwuliza kama ameiona kompyuta. Akacheka. Akasema ni nyeusi, nzito, imekwaruzwa mgongoni, na vitufe vingine herufi zake zimefutika kwa vidole vya watu. Akasema bado ina karatasi ya gundi ya ofisi fulani ya Ulaya, hata hukuibandua. Nikadhani ananitania. Halafu akanitajia bei.

Bhoke, hiyo ni bei ya ng'ombe mzima. Ng'ombe wangu, yule mwekundu, ambaye marehemu baba yako alimwacha kwa ajili ya mahari ya Machage. Nilikubali auzwe kwa sababu uliniapia kwamba kompyuta itazalisha, na kwamba utamrudisha ng'ombe kabla mdogo wako hajaoa. Baba yenu mdogo alinisema mbele ya watu, nami nikakutetea mbele ya watu hao hao. Leo naambiwa nimetoa ng'ombe anayekamuliwa nikanunua kitu ambacho Mzungu amekitumia mpaka amekichoka.

Machage anasema Sirari, kule mpakani, kuna mpya, zimo ndani ya boksi, plastiki haijatolewa, kwa nusu ya bei uliyolipa. Sasa nieleze mimi niliyeishia darasa la saba. Ni mnada gani ambapo ng'ombe mkongwe anauzwa ghali kuliko mtamba? Kitu kikishaishi miaka yake, si kimebakiza michache? Wewe umelipia miaka ambayo mtu mwingine alishaila.

Irudishe kwa aliyekuuzia. Ukiona haya, niambie ni nani, nitakuja na mguu wangu huu huu.

Mama yako,
Wegesa


Nyangoto, Tarime
17 Machi 2012

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na mguu, upake ile dawa niliyokutumia, usiiweke kabatini kusubiri siku ya kuumwa zaidi. Mimi naendelea. Kifua kinawasha kidogo kwa sababu ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zimefika mpaka nyuma ya kibanda changu. Lakini nakula, na pango nimelipa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mpaka leo sijapoa. Umenisema kama mtoto aliyetumwa chumvi akanunua pipi.

Mama, mimi niliuliza. Nilikwenda Tarime kwa Shamsudin, yule fundi niliyekuambia, aliyenifundisha kuchapa. Sikumwuliza bei tu. Nilimwuliza itaishi muda gani. Ikiharibika inafunguka? Betri ikichoka, nyingine inapatikana? Kazi zikiongezeka, naweza kuiongezea nguvu au ndiyo basi? Zile za Sirari ambazo Machage ameziona ziking'aa, betri imegandishwa humo humo ndani na gundi, haitoki. Feni ni ya jina tu. Vumbi la hapa likiingia zinachemka, zinazima, na hazifunguki. Shamsudin anazo rundo chini ya meza yake, anang'oa vioo tu, vingine vyote ni takataka. Ya kwangu ilitengenezwa ifanye kazi ofisini kutwa. Ina parafujo, anaifungua, anaipuliza vumbi, anaifunga, nami naendelea kula. Bei niliyolipa ni kubwa siku ile moja tu. Ukiigawa kwa miaka itakayonifanyia kazi, ni ndogo kuliko kununua ya rahisi kila mwaka.

Umesema mnada. Haya, twende mnadani. Wewe ukitafuta ng'ombe wa maziwa unamchukua yupi? Yule uliyeona kiwele chake na ukaonja maziwa yake, au ndama mwenye manyoya ya kung'aa ambaye hata mama yake humjui? Ndivyo nilivyofanya mimi.

Na hapa, Mama, vitu vipya visikutishe. Dhahabu imetoka tena upande wa chini, watu wamefurika kutoka Geita na Kahama, kulala tu hakuna nafasi. Mtu akipata mawe mazuri asubuhi, jioni amebeba redio yenye taa za rangi. Jumapili inakoroma, Jumatatu imetupwa. Sisi wa hapa tumekwisha kuzoea kupima kitu kwa kung'aa kwake, na Machage ameambukizwa.

Alikuja hapa akaangalia ngozi tu. Hakuuliza hata nafanya kazi gani. Naandika mikataba ya wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, barua za shule, maombi ya leseni. Wale wanaosubiri kuhamishwa kupisha mgodi nawaandikia barua zao, nawapigia picha nyumba na migomba kabla havijabomolewa. Yote nayatunza humo humo ndani ya kompyuta, maana watu wa hapa wanahama kila mara na karatasi zinapotea. Mtu akipoteza, anarudi kwangu, namtolea nyingine. Ndiyo maana wananiamini, ndiyo maana nina kazi.

Siirudishi. Ng'ombe wako atarudi.

Binti yako,
Bhoke


Kisaka
2 Aprili 2012

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Dawa nimepaka, inanuka lakini inasaidia. Mahindi yameota vizuri, nyani wasipotuonea tutakula.

Umenijibu kwa kiburi, lakini angalau umenijibu. Nimekusoma mpaka mwisho. Hayo ya mnadani umeniweza kidogo. Lakini nami nina langu. Ng'ombe akizeeka unamchinja, nyama unakula, ngozi unalalia. Kompyuta ikizeeka unakula nini? Utaipika? Unanihesabia miaka ambayo huyo Shamsudin amekuahidi, kwani yeye ndiye Mungu? Kitu kilichochoka kimechoka, hata ukikipuliza vumbi.

Na hilo la kutunza mambo ya watu ndani ya kompyuta sijalielewa. Mtu akiandikiwa barua si anapewa karatasi yake mkononi anaondoka nayo? Kompyuta imekuwa kabati?

Wakwe wa Issenye wamekuja. Binti ni mzuri, ana adabu, nimempenda. Wanataka mahari ikamilike Septemba. Tumebakiza mtamba mmoja hapa, yule wa mabaka, na yule mwekundu ambaye yuko kwenye mfuko wako wa maneno. Sasa unaona kwa nini silali.

Nimezungumza na Machage. Tangu baba yenu afariki yeye ndiye mwanaume wa nyumba hii, na kubadilisha mifugo ni kazi yake. Marehemu baba yenu ndivyo alivyojenga hili zizi. Dume likikomaa hakungoja lizeeke, alilipeleka kwa mwenye shida ya nyama akarudi na mitamba wawili. Hakuwa akimwuliza mtu, na hakuna aliyelalamika. Machage amerithi mkono ule. Anasema hata kompyuta yako ina watu wanaoitaka huko Sirari, na anaweza kuitoa akapata mbili. Mwache akusaidie, usiwe mbishi kama mbuzi wa kamba.

Mama yako,
Wegesa


Nyangoto
20 Aprili 2012

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote. Mimi sijambo, ila barua hii nitaifanya fupi kwa sababu nikiirefusha nitakukosea heshima.

Machage asiiguse kompyuta yangu. Asiiguse hata kuifuta vumbi. Kama watu wa Sirari wanaitaka kwa mbili mpya, jiulize Mama, kwa nini mfanyabiashara atoe mbili apate moja? Ana huruma na sisi? Yeye anajua ipi itaishi. Anayedanganyika hapa ni mmoja tu, na ni mwanao.

Baba alibadilisha ng'ombe wake. Hii si ya zizi. Ni ya kwangu, na ni mkono wangu. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Wasalimie wakwe. Mwambie huyo binti wa Issenye kwamba ana wifi mkali.

Binti yako,
Bhoke


Kisaka
9 Julai 2012

Mwanangu mpendwa Bhoke,

Nimesikia uliugua mpaka ukalazwa Tarime, malaria ikakupanda kichwani. Pole sana mwanangu. Nilitaka kuja, Machage akaniambia umeshatoka na umeanza kula. Nilisali na kina mama wa jumuiya, tumekuwekea nia. Kunywa uji, usirudi kazini haraka.

Sasa nikupe furaha, labda na yeye ameshakupa. Nilimtuma Machage aje alinde kibanda chako ulipokuwa kitandani, na amefanya kazi ya mwanaume. Ameitoa ile kuukuu kwa mbili mpya, Bhoke. Mbili. Zimo ndani ya boksi zake, moja nyekundu moja ya bluu, pamoja na vibegi vyake. Aliporudi kunieleza nilikaa chini nikacheka peke yangu, nikaona kabisa baba yenu akirudi na mitamba nyuma yake.

Najua ulikataa. Lakini ulikataa ukiwa na hasira, na mgonjwa akikataa uji haachwi bila kulishwa. Moja utafanyia kazi, nyingine utauza wakati wake tuongezee kwenye ng'ombe wa Machage. Huoni tumeshapata njia? Nilikuambia.

Nimemwambia kila mtu hapa. Hata baba yenu mdogo amenyamaza, na wewe unajua ni shida kiasi gani yule kunyamaza.

Andika haraka unieleze ipi umeipenda, nyekundu au bluu.

Mama yako anayekuombea,
Wegesa


Nyangoto
23 Julai 2012

Mama,

Shikamoo. Nimetoka hospitali lakini miguu bado haina nguvu, daktari amenikataza safari. La sivyo nisingeandika, ningekuja mwenyewe, na kijiji kizima kingenisikia.

Unaniuliza nyekundu au bluu. Mama, unaniuliza rangi.

Ya bluu iliwaka siku ya kwanza, ya pili ikawa moto kama kikaango, ikazima, haijaamka tena. Ya nyekundu inawaka, lakini nikifungua barua mbili inaganda mpaka mteja anaondoka. Nimempelekea Shamsudin kwa mkono wa dereva. Akazigeuza, akatafuta pa kufungulia, hakuna. Amezirudisha kwenye vibegi vyake. Ndio mitamba wenu hao.

Lakini hayo ningeyameza. Sikiliza hili, na umsomee na Machage, kwa sauti, mbele ya huyo baba mdogo aliyenyamaza.

Ile kompyuta haikuwa chuma tu. Mambo yote ya watu wa hapa yalikuwa humo. Barua zao za mashamba, mikataba yao ya maduara, picha za nyumba ambazo leo ukienda unakuta kifusi. Mama Philomena, mjane wa hapa jirani, nilimpiga picha mumewe amekaa mlangoni kwao wiki chache kabla hajafa. Mlango ule haupo, mume hayupo, na picha ile iko humo tu, haiko kwingine kokote duniani. Anasubiri nimtolee kubwa ya kutundika. Nina flashi moja, haibebi hata robo ya yale. Nilikuwa nadunduliza ninunue diski ya kuhifadhia nakala, kisha nikaugua. Watu walinikabidhi mambo yao, Mama, na sasa yamelala kwa mwanaume nisiyemjua huko mpakani. Akija mmoja kuuliza cha kwake nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu alikibadilisha kwa kibegi?

Hapa mtu anaishi kwa jina. Wakijua, hakuna atakayenipa hata barua ya kuomba ruhusa ya mtoto shuleni. Na bila kazi huyo ng'ombe mwekundu msahau, atabaki jina.

Nimepiga simu ya Machage mpaka nimechoka. Hapokei, na sasa ameizima kabisa. Alipoulizwa na jirani yangu ameitoa duka gani akasema hakumbuki. Anakumbuka vizuri. Anaona aibu, na anastahili.

Mama, na wewe umenikosea. Nilikuandikia asiiguse. Nilikuandikia kwa Kiswahili cha kawaida, ukakisoma, ukaamua kwamba najisemea tu. Ningekuwa mwanaume ungemwambia Machage asiguse cha kaka yake, na asingekigusa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko malaria.

Nataka jina la duka. Hilo tu. Nikipata nguvu nitakwenda mwenyewe.

Bhoke


Kisaka
19 Agosti 2012

Mwanangu Bhoke,

Salamu mwanangu. Safari hii hukusaini kwamba wewe ni binti yangu. Nimeliona. Nilikaa na barua ile siku mbili. Kisha niliisoma kwa sauti kama ulivyotaka, baba yenu mdogo akiwa amekaa pale pale. Nilipofika kwenye maneno yale, kwamba ungekuwa mwanaume, nikampa mtoto wa jirani amalizie. Umesema kweli. Ningemkataza. Sina la kujitetea.

Sikukuletea jina la duka. Nimekwenda mwenyewe.

Nilimwambia Machage, wewe mura, kijana wangu, vaa viatu. Tukapanda basi alfajiri, mguu na yote. Tulifika Sirari jua la utosi, akanizungusha akijifanya amesahau njia, mpaka nikamwambia nitakaa katikati ya barabara nipige yowe waje watu wa nchi zote mbili. Akakumbuka upesi sana.

Mwenye duka ni kijana mnene mwenye pete, mpole wa maneno. Kompyuta yako nikaiona hapo hapo kwenye meza yake. Hakuwa ameiuza, anaitumia yeye. Nikamwuliza, baba, wewe una mpya duka zima, kwa nini unafanyia kazi kuukuu ya binti yangu? Akacheka tu. Basi nikamfungulia mdomo. Nikachukua moja yake inayong'aa nikamwambia nionyeshe betri inatokea wapi. Feni iko wapi. Parafujo ziko wapi. Ikinywa vumbi unaipulizia wapi. Wateja wakasogea. Nikawaambia hizi ni za kung'oa vioo tu, kuna rundo lake Tarime. Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa akazirudisha kwenye kitambaa chake. Bhoke, sikujua kwamba nilikuwa nimeyashika maneno yako yote.

Akaona namharibia soko, akataka tuelewane. Zile mbili zako akazikataa, anasema zimeshaguswa. Tukashindana mpaka mate yakakauka. Mwisho tumeelewana kwa yule mtamba wa mabaka. Ndiyo, wa Machage. Jamaa ana shamba Kisaka kwa wajomba zake, amekuja kumchukua juzi. Machage alilia kama mtoto, wakwe wa Issenye wamesogeza mambo mpaka mwakani. Alie. Baba yake alipokosea kubadilisha alilipa kutoka zizi lake, hakulipa kutoka la dada yake. Akitaka ng'ombe ashuke maduarani akawatafute.

Na lile kubwa lililokuwa linakuumiza, nalo nimelimaliza. Kichwani nilikuwa na hilo tu njia nzima, mambo ya watu kulala kwa mwanaume asiyejulikana. Barua za mashamba yao, na yule mjane, picha ya mume wake ikodolewe macho na wapita njia wa Sirari. Hata ingekuwa mimi nisingevumilia. Nikamwuliza kijana, mambo ya watu wa Nyangoto yamo bado? Akasema yote yamo, hajayagusa, aliyaacha tu kwa kuwa nafasi ipo kubwa. Akafungua, nikayaona kwa macho yangu, mistari na mistari, majina ya watu. Nikamwona na yule marehemu amekaa mlangoni. Nikasikia aibu kwa niaba yako.

Nikamwambia, futa. Futa yote, mimi nikiona. Akaniuliza mara mbili, mama una hakika, maana vikishafutwa hivi havirudi. Nikamwambia ndicho ninachotaka, visirudi. Alianza kuondoa moja moja, nikamwambia hapana, mpaka mzizi. Ilichukua muda mrefu, nikakaa kwenye kigoda sikubanduka hata kwenda kunywa maji, nisije nikaondoka akabakisha. Alipomaliza akanionyesha, nyeupe kabisa, hamna jina la mtu. Anasema sasa itakuwa nyepesi na itaishi zaidi. Kwa hiyo hakuna mtu mwingine aliyebaki na siri zao. Wao karatasi zao wanazo nyumbani, wewe jina lako umerudishiwa safi. Tembea kichwa juu.

Kompyuta anakuletea Machage kwa mkono wake, nimemfungia kwenye kanga yangu mpya. Atakuomba msamaha kwa magoti, nimemwagiza. Usimpige sana.

Niandikie basi uniambie kama umefurahi. Sikupata kufanya kitu kikubwa hivi kwa ajili yako tangu nikuzae, na nilichelewa.

Mama yako,
Wegesa


Nyangoto
2 Septemba 2012

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umesafiri na mguu haukukusumbua sana. Hali yangu ni nzuri, nguvu zimerudi.

Machage amefika na kompyuta. Ni ile ile, haina mkwaruzo mpya. Alipiga magoti mlangoni mpaka watu wakadhani kuna msiba, nikamwinua. Amelala hapa, amekula vizuri, na jana ameanza kazi kwenye duara la watu wa Kahama. Usimseme tena. Mwenzake wa Issenye akimsubiri atapata ng'ombe wake, nami nitasaidia ninavyoweza.

Mwambie baba mdogo kwamba yale niliyoandika juu yako yalikuwa ya hasira. Hapa Nyangoto hakuna mama aliyekwenda mpakani na kupigana kwa ajili ya binti yake. Nimewasimulia wote.

Mwezi huu na ujao sitaweza kuja kukuona. Kuna kazi nyingi sana. Nazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, nawaomba watu wanieleze mambo yao tangu mwanzo, wengine wamehamia mbali na inabidi niwatafute. Leo asubuhi nimekaa kwa Mama Philomena, tumezungumza muda mrefu. Ni mtu mwelewa. Nimemwomba radhi kwamba nitachelewa na kazi yake.

Usiuze mnyama mwingine, Mama. Hata ukisikia nini. Niahidi hilo.

Kompyuta inafanya kazi vizuri. Inawaka haraka kuliko zamani.

Umeuliza kama nimefurahi. Nimefurahi, Mama.

Binti yako,
Bhoke